Kifuniko Kimoja Hakitoshi

Jumatatu, 3 Machi

Dada kapiga simu saa moja asubuhi. Dada hapigi simu kusalimia. Alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini, kastaafu, na mpaka leo anaongea nami kama nimechelewa mstarini. Kasema amechoka kusikia habari za lori. Jumapili anakuja mwenyewe. Tutapakia matofali, atakaa mbele, tutapanda mlima wa tangi la maji. Likifika juu, libaki mikononi mwangu na hatalitaja tena. Likikwama, linauzwa. Mnunuzi yuko tayari. Nikauliza ni nani. Msafi.

Msafi! Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta! Ana lori rika moja na letu, ila lake analiosha kila siku ya Mungu, matairi kwa mswaki. Ndiyo maana ya jina. Simpendi. Hajanikosea kitu, na hilo nalo linaniudhi.

Lori ni la marehemu baba. Alituachia wote wawili, lakini mimi ndiye aliyenifundisha kuliendesha, nimekalia kreti la soda ili nione mbele. Juu ya kioo aliandikisha HARAKA YA NINI, na kila mtu analiita hivyo. Likienda kwa Msafi, sina kazi, na sijui nitajiita nani. Niliandike wazi hilo, maana hapa hakuna anayesoma.

Ugonjwa wake: linawaka kwa kubembelezwa, na mlimani linagonga tumboni. Nimekwenda kwa Fundi Pampu. Huyu hagusi kitu kingine chochote, ni pampu za dizeli tu. Kanisikiliza amefumba macho. Kasema pampu ya injini kuukuu inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ya siku hizi imesafishwa mno, imekuwa kavu, inaisaga pampu. Ninunue dawa ya kulainisha. Ya dizeli. Karudia: ya dizeli. Kifuniko kimoja kwa tenki zima, nitie kabla ya mafuta ili ichanganyike. Basi.

Kifuniko kimoja! Kwa tenki ambalo mtu anaweza kuogea! Nimemuuliza kama ana hakika. Kafumbua macho. Nikaaga.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vipuri. Rafu nzima ya dawa, chupa za kila rangi. Nimesimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mama mwenye duka kaniuliza injini ni ya mwaka gani na pampu ni ya aina gani. Nimemjibu kwamba umri wa gari la mtu hauulizwi hivihivi. Kavaa miwani yake ili anitazame vizuri.

Nimetoka na tatu. Nyekundu, ya kulainisha. Njano, ya kufanya dizeli iwake upesi. Nyeupe, ya kusafisha tenki. Kuhusu nyeupe mama kanionya: tenki la zamani lisilowahi kuoshwa usilitie hiyo. Nimemwambia asante, nimesikia. Kusikia nilisikia.

Nyumbani nimefanya utafiti. Sitii kitu kwenye lori la baba bila utafiti. Bawaba ya juu ya mlango wa chumbani, nyekundu. Bawaba ya chini, njano. Mlango uliokuwa unalia tangu tuoane ukanyamaza kimya! Kutoka hapo nimehamia kwenye mkasi wa mke wangu. Kutoka kwenye mkasi, kwenye cherehani yake. Yeye hushona sare za shule, na cherehani ni chuma kinachozunguka, sawa na pampu. Nilikuwa nimeinama na kijiko, namimina ya njano taratibu, nikamkuta mke wangu amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akiingia. Mlango haukulia.

Mashati manne yana madoa shingoni na yananuka gereji. Kasema mwenye watoto hao akija kuyachukua, nitayavaa mimi nipelekwe shule mimi. Kasema pia kwamba wifi yake atazipata habari hizi. Nimemsihi. Nimefua mashati mwenyewe, mara tatu.

Matokeo ya utafiti: zote zinalainisha. Kwa hiyo sijui nichague ipi.

Jumatano, 5 Machi

Siwezi kukaa. Nimezunguka lori mara nyingi hata mke wangu kasema nitachimba mtaro.

Saa nne Msafi kapita na mzigo wa kokoto. Kapanda mlima wa tangi la maji mfululizo, injini inaimba. Lori la rika moja na letu! Hapo ndipo nilipoamka. Huyu ana siri. Anatia kitu. Na mtu akitia kitu, chupa anatupa wapi?

Nimesubiri aondoke tena nikaenda kwenye pipa lake la taka. Nimezama mpaka kwapani. Na nimeipata! Chupa ya buluu, karatasi imebanduka, kifuniko kizima. Nimetia kifuniko mfukoni. Kugeuka, Msafi huyu hapa. Alisahau pochi.

Kaniuliza kwa upole kama nimepoteza kitu. Nikasema kuku. Sijui kuku alitoka wapi kinywani mwangu. Hatufugi kuku. Msafi kaweka chini vitu vyake vyote, kakunja suruali, na tumetafuta kuku pamoja, muda wa kutosha kuzunguka mji mzima. Kaniuliza rangi yake. Nikasema ya madoadoa. Kauliza jike au dume. Nikasema jike. Kadri alivyouliza ndivyo kuku alivyozidi kunenepa. Nimetoka pale namwonea kuku huyo uchungu kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Siku kubwa. Nimerudi dukani na kile kifuniko cha buluu, nikaomba dawa inayofunikwa na kitu hicho. Mama kaniuliza ni kwa petroli au dizeli. Sasa, ningejibu ningekuwa nimemwambia mambo yangu, na duka lile Msafi naye huenda. Nimesema kwa mkato: nataka ileile anayonunua jirani yangu. Kauliza jirani yupi. Nikasema anajijua. Kanipa.

Nimetia chupa nzima. Kisha nyekundu nzima, kwa sababu Fundi naye tusimvunjie heshima. Kisha njano iliyobaki baada ya cherehani. Nyeupe nimeiweka akiba. Mtu lazima awe na akiba.

Lori limewaka kwa jaribio la tisa. Moshi mweupe umejaa mtaa, mwanamke mmoja kaanua nguo zake akinitaja. Uchafu unatoka! Ndivyo dawa ifanyavyo, inatoa kwanza.

Jioni, hodi. Msafi. Mkononi kuku jike wa madoadoa. Kampata anahangaika nyuma ya karakana za barabara ya pili, kamfukuza mwenyewe, kachafua viatu. Huyu ndiye? Nimemtazama Msafi, nimemtazama kuku. Mke wangu kanitazama mimi. Nikasema ndiye, na nikamshukuru sana. Mke wangu kamletea kuku maji.

Ana uzi mwekundu mguuni. Nimefikiri ni pambo.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike haraka kabla sijalia.

Asubuhi nimejaribu mlima bila mzigo. Katikati limeishiwa pumzi. Nimeteremka kinyumenyume mpaka chini, wanafunzi wakipiga makofi getini. Linagonga sasa hata likisimama.

Nimemkuta Msafi anasugua tairi. Kanisalimu vizuri, kaulizia kuku. Kisha kasema jana aliniona nimebeba chupa ya buluu, hakujua kama nami nimenunua jenereta. Nikamuuliza jenereta gani. Kasema yake ya petroli, ya pale uani. Ile ya buluu ni dawa ya petroli. Kwenye lori hatii kabisa, itaua pampu! Lori analitia kifuniko kimoja cha nyekundu kila akijaza tenki. Alishauriwa na Fundi Pampu.

Nimesema hata mimi. Nimeingia ndani nikakaa kitandani na viatu.

Kukaa hakukusaidia, nikafikiri. Buluu inakausha. Kinachokausha kinaondolewa na kinachonenepesha. Nimekwenda mgahawani nikaomba dumu la mafuta waliyokwisha kukaangia. Wamenipa kwa furaha, hawakuwa na pa kuyamwaga. Nimetia nusu dumu. Lori sasa linanuka kama jiko la harusi. Mbwa wanne wamelifuata mpaka njia panda, na mmoja karudi nalo.

Halafu Fundi Pampu kafika. Nilidhani kaja kunisaidia. Kaja kutafuta kuku. Anafuga kumi na mbili, kila mmoja na uzi mwekundu mguuni, na mmoja haonekani tangu jana. Kamkuta kafungwa mlangoni kwangu. Nimejitahidi kumweleza. Maelezo yanaanzia pipani kwa Msafi, na kila nilipofika pipani nilikwama. Kasema pampu yangu nitaitengeneza kwa mikono iliyomkamata kuku wake. Kaondoka kwa hasira hata kuku kamsahau.

Kesho kutwa Dada anakuja.

Jumamosi, 8 Machi

Haliwaki. Kabisa. Selfu inazungusha mpaka betri inalia, injini kimya.

Nimekaa kwenye usukani bila kufanya lolote. Kiti cha pembeni bado kina alama ya mgongo wa baba. Alikuwa na tabia ya kugonga dashibodi kwa vidole likikaribia mlima, kama anayebisha hodi kwa mtu anayemheshimu. Nimeona haya. Ni mara chache naona haya nikiwa peke yangu.

Nimembeba kuku mpaka kwa Fundi Pampu. Nimepiga magoti kweli, mbele ya wateja. Nimesema yote: pipa, kifuniko, kuku wa kubuni, buluu, nyekundu, njano, dumu. Fundi kaomba nirudie polepole. Kachukua kalamu kaandika. Kasema kazi hii anaifanya tangu kijana na hajawahi kuona mchuzi kama huo. Wateja wamecheka mpaka mmoja kakaa chini. Hata kuku kapiga kelele.

Lakini kaja. Mtu mwema, niandike. Kamwaga tenki lote, kabadilisha chujio, kafungua nozeli kazipangusa, kaondoa hewa. Kapima kifuniko kimoja cha nyekundu kutoka chupa yake mbele ya macho yangu, kakitia, kisha dizeli mpya juu yake. Ufunguo. Mara moja! Limewaka mara moja, kwa sauti ile ya zamani, nzito na ya taratibu. Nimelia. Mke wangu naye kafuta macho, kasingizia moshi, na moshi haukuwepo.

Fundi kanishika bega. Kasema tenki hajaliosha, muda hautoshi. Chini yake na ukutani kuna tope la miaka thelathini limeganda, na mradi limeganda halina neno. Aliyelala usimwamshe. Wiki ijayo atalitoa aliogeshe. Kesho nipande mlima taratibu, nisiguse kitu. Kisha kadai chupa zangu zote. Nimempa zote.

Karibu zote.

Jumapili, 9 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi nimeliwasha. Mara moja. Saa moja nimeliwasha tena. Mara moja. Saa moja na nusu tena. Mke wangu kaniomba nije ninywe chai kama binadamu.

Chai haikupita. Nilikuwa nasikiliza. Limenyamaza, na kunyamaza kwake kulinikera. Kifuniko kimoja? Wiki nzima ya mateso, na jibu liwe kifuniko kimoja? Na lile tope. Miaka thelathini ya tope, na mimi nimpandishe Dada mlimani juu yake! Mtu mwenye akili angepanda na tenki safi. Na nyeupe kazi yake ni ipi kama si kusafisha? Ilikuwa nyuma ya pipa la maji, imekaa tu, haijafanya kazi hata siku moja.

Nimetia yote. Kwa nia njema. Hilo liandikwe.

Dada kafika saa tatu kamili, mwavuli, mkoba, saa mkononi. Kakagua lori mbele na nyuma. Kaligusa maandishi ya baba kwa kidole. Limewaka mara moja, na nimemwona akitaka kutabasamu akajizuia. Mpaka kwenye tanuru, safi. Kupakia matofali, safi. Msafi kasimama kwake katupungia, na mimi nikapunga kwa madaha, mkono mzima nje.

Mlima. Gea ya tatu, sawa. Ya pili, sawa. Dada kaanza kugonga dashibodi kwa vidole. Sikujua kama naye anayo tabia hiyo. Kasema, akitazama mbele, kwamba labda alinihukumu mapema, na kwamba baba angefurahi.

Likakohoa.

Nikasema si kitu. Likakohoa mara mbili. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Likashusha pumzi ndefu kabisa, likazima, katikati, pale pale kwenye mwinuko. Nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Dada kateremka, kaokota jiwe kaweka nyuma ya tairi, kaokota la pili. Kisha kafungua mwavuli na kupanda mlima kwa miguu, peke yake, mpaka juu kwenye tangi. Kasimama pale. Ningependa kuelewa alikuwa anatazama nini.

Fundi kaletwa na Msafi. Kafungua chujio alilolitia jana. Limejaa tope jeusi, zito, la kuchota kwa kijiko. Kaniuliza kama jana nilimpa chupa zote. Nikasema zote. Kauliza nyeupe je. Nimetazama mawingu.

Dada kashuka. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Kasema baba aliniachia lori nilitumie, hakuniachia mgonjwa nimtibu. Sauti yake ilikatika katikati ya neno, akageuka upande wa matofali. Nimetaka kumwambia pole. Nilichosema ni kwamba dawa haikupewa muda.

Jumatano, 12 Machi

Limevuka ukuta. Msafi na Dada wamepeana mikono. Mimi nimeshika mlango wa nyumba, na kwa kuwa hauna sauti siku hizi, hakuna aliyejua nimetoka wala nimeingia.

Nyumba haina nafasi ya kutembea. Hatua saba mpaka dirishani, saba kurudi. Fundi Pampu yuko upande wa pili tangu asubuhi. Kalishusha tenki, kaliosha, kalianika juani. Nasikia kila spana. Nimepanda ndoo nione. Ndoo imeteleza. Mke wangu kanipaka dawa ya kuchua na kaniuliza taratibu kama inaniuma sana. Nikasema goti dogo tu. Kasema hakuuliza goti.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui niandikeje.

Msafi kaja asubuhi, kavua viatu mlangoni. Lori hawezi kuliendesha. Gea ya pili inamkataa. Ni kweli, ile lazima uiinue kidogo na kuisukuma na goti, baba alinifundisha hivyo. Kisha kasema Dada alipokubali kuuza aliweka sharti moja: dereva awe mdogo wake, na pasiwe mwingine. Lisipotimizwa, hauzi. Msafi kasema alikuwa akingoja nitulie ndipo aniambie.

Dada! Na hakuniambia!

Sharti la Msafi nalo ni moja tu. Usukani wangu, breki zangu, honi yangu. Tenki si langu. Kifuniko chake kina kufuli, na ufunguo anakaa nao Fundi Pampu, ambaye ataweka kifuniko kimoja cha nyekundu kila likijazwa. Nimeapa. Nimeapa mbele ya mke wangu, mkono juu.

Tumepanda mlima wa tangi la maji na matofali kamili. Gea ya tatu, ya pili, goti, juu! Halikugonga hata mara moja. Nimesimamisha kule juu nimempigia Dada simu, sikuweza kusema, yeye naye hakuweza, tumesikilizana tu tukipumua mpaka salio likaisha.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya tatu kazini. Halijagonga. Linawaka mara moja, linaimba kuliko hata lile lingine la Msafi.

Watu wanamsifu Fundi Pampu. Sibishani nao. Lakini nimekaa nimefikiri bila upendeleo. Buluu, nyekundu, njano, nyeupe, na dumu. Chuma ni chuma, kinanywa polepole. Kilichoingia wiki ile ndicho kinachofanya kazi leo. Fundi kaosha tenki, sawa, ila pampu yenyewe imeshanywa. Ningepewa wiki moja tu zaidi, Dada angefika juu amekaa. Sisemi haya kwa majivuno.

Kinachonisumbua ni kwamba nguvu ile itaisha. Kifuniko kimoja kwa kila tenki hakiwezi kuishikilia. Jambo hili analijua dereva tu, anayelisikia chini ya miguu yake.

Leo nimepita dukani. Pana mpya, ya kijani. Mama mwenye duka kaniuliza ni kwa lori lipi, nikasema nauliza kwa niaba ya rafiki, nikatoka nayo.

Kiapo ni kiapo. Tenki sitaligusa, na kufuli silitazami hata. Ila nilipokuwa nimelala chini ya lori mchana, kukagua springi, nimeona mpira mwembamba unaorudisha dizeli iliyozidi kutoka kwenye injini mpaka kwenye tenki. Umebanwa kwa skrubu moja tu. Kuhusu mpira hakuna aliyeniapisha.

Nitaufungua nitie nusu chupa ya kijani. Kesho, wakipakia matofali.